Odhis wa Rongo Yuko Laini ya Pili

Kinyozi ninakonyolea hapa Uriri kina kioo kilichopasuka pembeni, mashine mbili, na redio moja ambayo haizimwi. Saa moja asubuhi nduthi zimeshajipanga kando ya barabara, trekta za miwa zinajikokota kuelekea Awendo, na ndani ya kinyozi wameketi wanaume saba. Anayenyolewa ni mmoja. Wengine sita wamekuja kusikiliza swali.

Kama wewe ni Mkenya unalijua swali ninalolisema, hata kama hujalisikia la leo. Mke akianza kukushinda mshahara, bado ni mke? Mama mkwe akihamia kwako bila kukuuliza, nani aondoke? Presenta analisoma kama mtu aliyeshikwa na butwaa, kana kwamba limemwangukia asubuhi hiyo kutoka dirishani. Kisha anacheka, anataja namba ya simu, na nchi nzima inatafuta kredo.

Nimesikiliza vipindi hivi tangu nikiwa darasa la nne, kwenye matatu za kwenda Migori, bila kuelewa nusu ya kilichokuwa kinasemwa. Watu wazima walikuwa wakinitazama mimi na sare yangu, halafu wanatazama nje ya dirisha. Kanuni za Mamlaka ya Mawasiliano zinasema kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa nne usiku redio iwe ya kusikilizwa na familia nzima. Aliyeandika hivyo hajawahi kupanda matatu ya saa moja na nusu.

Wazazi wetu na maaskofu huwaita watangazaji hawa watu wasio na adabu, na mazungumzo yanaishia hapo. Mimi naona wana ufundi, na bila kuuelewa huo ufundi hutaelewa kwa nini mtu mzima mwenye akili zake anakaa kinyozi saa nzima na nywele zimeshaisha.

Chukua Maina Kageni na Mwalimu King'ang'i, ambao kwa miaka mingi walikuwa ndio asubuhi yenyewe pale Classic 105. Maina anasimama upande wa wanawake, anashangaa, anasikitika, hawezi kuamini wanaume ni viumbe wa aina hii. King'ang'i, ambaye ni Daniel Ndambuki yule yule wa Churchill Show, anasimama upande wa wanaume na kucheka kama mzee aliyekwisha kuona yote. Ni ngonjera. Kila mtu anajua nani atajibu nini, na bado tunangoja. Tena ukisikiliza vizuri utagundua kwamba wao wawili hawasemi mengi mabaya. Mabaya tunayasema sisi. Presenta kazi yake ni kuuliza, kushtuka, na kunyamaza sekunde mbili mpigaji azidi kujichimbia. Ule ukimya wa sekunde mbili ndio ninaousifu kama ufundi. Ukijazwa na mtangazaji mwenye papara, kipindi kinakufa.

Ndiyo maana kisa cha Homeboyz Radio cha Machi 2021 naona kilisomwa vibaya. Mnakikumbuka. Mwanamke wa miaka 20 alikuwa ameanguka kutoka ghorofa ya 12 katikati ya Nairobi, na mwanamume aliyekuwa amekutana naye kwa mara ya kwanza akashtakiwa kwamba alimsukuma. Mwanamke alinusurika na majeraha mabaya. Asubuhi moja Shaffie Weru na wenzake wawili wakalijadili hewani, na lawama wakazielekeza kwa wanawake wanaojirahisisha. Mtandao ukawaka. Kampuni ya bia ya EABL ikaondoa matangazo yake. Watatu hao wakafutwa kazi, na Mamlaka ya Mawasiliano ikakipiga kipindi marufuku ya miezi sita na stesheni faini ya shilingi milioni moja.

Tulishangilia. Mimi pia nilishangilia, nikaposti. Lakini jiulize: waliyoyasema yalikuwa mapya? Kinyozi chetu kilikuwa kimeyasema siku mbili kabla, kwa maneno mabaya zaidi, na hakuna aliyetufungia mlango. Wapigaji simu wa stesheni chungu nzima wanayasema kila wiki. Kosa la wale watatu, ukilitazama kama suala la kazi, ni kwamba walisahau mgawanyo wa majukumu. Presenta huuliza, mpigaji ndiye hujichafua. Wao walichukua sehemu yetu wakaisoma wenyewe. Na kilichowaangusha haraka zaidi ni pesa ya matangazo kuondoka, maana adhabu ya serikali ilikuja watu wakiwa wameshafukuzwa. Marekani stesheni zilizomrusha Howard Stern hewani zilipigwa faini juu ya faini na wadhibiti wa serikali, na mwaka 2006 akahamia redio ya setilaiti ambako sheria hizo hazimfikii, akaendelea kutajirika. Presenta wa Nairobi hana setilaiti ya kukimbilia. Ana kampuni za bia, benki, na kamari.

Kamari. Sasa niseme langu, kwa sababu nimekuwa nikiandika kama mtu aliyekaa nje ya kinyozi.

Niliacha chuo mwaka wa pili. Watu niliwaambia karo iliisha, na ni kweli iliisha, ila iliishia kwenye simu yangu, mechi moja baada ya nyingine, usiku, chini ya blanketi. Mama alikuwa ameuza miwa ya msimu mzima. Miezi kadhaa baadaye, nikiwa bado najifanya naenda na kurudi, msichana niliyekuwa naye akaniacha. Hakunitukana. Alisema amechoka kudanganywa, basi.

Wiki hiyo hiyo, kwenye stesheni ambayo sitaitaja, swali la asubuhi lilikuwa kuhusu wanawake wanaokula pesa za wanaume na kuondoka. Nilikuwa na kredo ya shilingi 20. Nikapiga. Nilipoulizwa jina nikasema Odhis, natoka Rongo. Mimi si Odhis na sitoki Rongo. Nikaambiwa ningoje, halafu nikasikia sauti niliyoizoea tangu utotoni ikisema, "Odhis wa Rongo yuko laini ya pili, Odhis hebu tuambie." Siwezi kukueleza ile hisia. Miezi mingi hakuna mtu aliyekuwa ameniambia hebu tuambie.

Nikawaambia. Nilisema kuna msichana alikula karo yangu yote, nikaacha chuo kwa ajili yake, na sasa ana mwanamume mwenye gari. Karo ya uongo, mwanamume wa uongo, gari la uongo. Presenta akafanya kazi yake, akanyamaza zile sekunde mbili. Na mimi nikazijaza: nikataja kozi aliyokuwa anasoma, nikataja mji wao, nikasema kitu kuhusu kanisa lao. Wakacheka studio nzima. Presenta akasema pole sana kijana, na kwa sauti yake ukaona ananiamini. Hakuwa na sababu ya kutoniamini, na wala hakuwa na haja ya kujua.

Saa tatu asubuhi nilipata ujumbe wa maneno mawili: "Karo gani?"

Jioni Mama alinikuta jikoni. Redio ya jirani husikika hadi kwetu, na sauti yangu anaijua tangu sijaanza kuongea. Aliendelea kuchambua mboga, akaniambia kwa Kijaluo, bila kuinua uso, kwamba leo amemhurumia sana mama wa yule Odhis, kwa sababu huenda bado anadhani mtoto wake yuko shuleni.

Ndipo nikaelewa utamu wa hivi vipindi unatoka wapi. Mitaani hapa ukisema uongo kuhusu mtu, jioni dada yake anakuja kukuuliza. Kinyozi chenyewe kina mipaka: kuna shemeji ya fulani pale kwenye benchi, kuna mzee, unapima maneno. Redio inakupa benchi lisilo na shemeji. Inakupa jina jingine na mji mwingine, na msikilizaji mwenye sauti nzuri anayekuhurumia. Aliyekosewa hayuko kwenye laini, na hata akipiga, muda umeisha, tunakwenda kwa matangazo. Nimesikia watu wakiuita huu uhuru wa kujieleza. Sikatai, kwa Kenya si jambo dogo. Wazee wetu walikuwa na redio moja ya serikali, na stesheni binafsi zilianza kuingia katikati ya miaka ya 1990. Kizazi kilichokuwa kikisikiliza safari za Rais na matangazo ya vifo kilikuwa na haki ya kucheka kidogo asubuhi.

Lakini uhuru huo ulishatugharimu mara moja, na tulijifunza nusu ya somo. Baada ya vita vya 2007 na 2008, Tume ya Waki ilizitaja stesheni za lugha za mama kwa yaliyopita kwenye mawimbi yao, yakiwemo maneno ya wapigaji simu. Joshua arap Sang wa Kass FM akafikishwa The Hague akishtakiwa kwamba alichangia uhalifu dhidi ya ubinadamu kupitia kipindi chake cha asubuhi. Alikana, na tarehe 5 Aprili 2016 majaji, kwa wingi wa kura, wakaisimamisha kesi bila kumtia hatiani na bila kumtangaza kuwa hana hatia. Vyovyote utakavyoiona kesi ile, kila presenta nchini aliiona. Sheria ya mwaka 2008 ya utangamano ikaeleza chuki kwa kipimo cha kabila na rangi. Basi kabila likawa nyaya za umeme, hakuna anayelishika hewani. Na uchokozi ukizuiwa njia moja hauachi kuwa uchokozi. Nadhani, na haya ni maoni yangu, ulihamia chumbani. Ukisema ovu juu ya Wajaluo wote saa moja asubuhi, saa mbili uko kwa polisi. Ukisema lile lile juu ya wanawake wote, uko laini ya pili.

Sisemi Nairobi ni Kigali. RTLM ilianza 1993 kama redio iliyopendwa kwa muziki mzuri na utani, na tunajua ilikoishia. Mizani ni tofauti kabisa. Nakitaja kitu kimoja tu: watu waliipenda kwanza.

Kuna jamaa pale kinyozi, mwendesha boda, aliyesoma rasimu ya makala haya kwenye simu yangu. Akaniambia, "Omera, si upeleke kwa Patanisho mambo yaishe?" Alikuwa makini kabisa. Patanisho ndiyo sehemu iliyokipa jina kipindi cha Gidi na Ghost pale Radio Jambo, na huku kwetu Gidi ni mtu wetu: Joseph Ogidi, wa Gidi Gidi Maji Maji, wale wa Unbwogable ya 2002. Mtu aliyekosana na mwenzake anapiga, anaeleza, kisha Gidi anampigia yule mwingine na kumwomba asikilize. Ghost Mulee, kocha aliyeipeleka Harambee Stars Tunisia 2004, yuko pembeni na kicheko chake. Ukilinganisha na vile vingine, kinaonekana cha upole. Na ana pointi huyo jamaa, kwa sababu Patanisho inafanya kile ambacho vingine havifanyi: inampa aliyekosewa simu. Nimewahi kumsikia mke akimjibu mume hewani kwa utulivu hadi kinyozi kizima kikanyamaza, mashine ikazimwa.

Ila hebu msikilize yule anayepigiwa, zile sekunde zake za kwanza. Anaamkia kazi, au yuko sokoni anapanga nyanya, simu inaita, na ghafla ndoa yake iko mbele ya taifa. Akikataa kusamehe, ni mwenye roho ngumu. Akikata simu, tunacheka. Aliyeomba msamaha alikuwa na usiku mzima wa kujipanga. Aliyeombwa ana muda wa kumeza mate.

Kwa hiyo nilimwambia hapana. Nilishampa yule msichana asubuhi moja ya redio ambayo hakuiomba, siwezi kumpa ya pili. Nimesikia dada zake walipigiwa na watu wa kanisani wiki ile kuulizwa kuhusu karo. Namba yake bado ninayo. Nimeandika ujumbe mara nne na kila mara, nikiusoma tena, nasikia sauti ya Odhis humo ndani, akijieleza vizuri mno.

Jana nilikwenda kunyolewa. Swali lilikuwa kama mwanamume anaweza kumsamehe mwanamke aliyemsingizia. Simu zikamiminika. Kinyozi akanishika kichwa, akakiinamisha, akaniuliza kama sipigi leo. Nikamwambia apunguze pembeni tu, juu aache.