Kuchota Maji Bila Kukitibua Kisima

Mtu akitaka kujua kama risasi, kadimiamu au aseniki imeingia kwenye maji ya chini ya ardhi, huchimba kisima chembamba cha uchunguzi na kupeleka maji maabara. Ugumu umo katika kuchota. Kwa miaka mingi mafundi walitumia bomba refu lenye vali chini: linatumbukizwa kwa kamba, linajaa, linavutwa juu, linarudishwa tena na tena mpaka maji yaliyolala kisimani yaishe. Kila pigo la bomba lilitibua tope lililotuama, na maabara ikapima metali iliyonata kwenye mchanga ambayo, isingesumbuliwa, isingesogea hata shubiri moja.

Dawa iliyozoeleka ilikuwa kichujio chenye matundu ya mikromita 0.45. Kilichopita kikaitwa kilichoyeyuka, kilichobaki kikatupwa. Lakini chembe ya udongo mfinyanzi au ya kutu yenye upana wa nanomita 50 hupita humo bila kugusa ukingo, na metali imeing'ang'ania. Chembe kubwa kidogo kuliko tundu, ambazo huenda zilikuwa safarini kweli, zikatupwa pamoja na tope. Hesabu ikaharibika pande zote mbili.

Mwaka 1996 Robert Puls na Michael Barcelona waliandikia Shirika la Kulinda Mazingira la Marekani mwongozo ambao mimi nausoma kama maelezo ya ufundi wa mkono. Pampu ishushwe polepole hadi usawa ambako maji huingia kisimani, isiguse kitako. Ivute kati ya mililita 100 na 500 kwa dakika, na kina cha maji kisishuke zaidi ya sentimita 10 hivi. Kila baada ya dakika tatu hadi tano fundi asome uasidi, uwezo wa maji kupitisha umeme, oksijeni na kiwango cha ukungu. Vipimo vitatu mfululizo vikikubaliana, ndipo chupa iletwe. Ukungu ndio huchelewa kutulia kuliko vyote, na hapo ndipo mchotaji mwenye haraka hujulikana. Aliyezoea kuzamisha kata mtungini bila kugusa masimbi anauelewa ufundi huu. Tofauti ni kwamba hapa mtungi uko mita makumi chini ya ardhi, na mkono ni mrija wa plastiki.

Uangalifu wote huo unatokana na udogo wa mchukuzi, yaani chembe inayobeba metali. Chukua mchemraba wa sentimita moja: nyuso zake zote ni sentimita 6 za mraba. Ukatekate uwe michemraba ya nanomita 10, na nyuso zitafika mita 600 za mraba, kwa kitu kilekile, uzito uleule. Juu ya nyuso hizo metali hupata mahali pengi pa kushika. Chembe za udongo mfinyanzi kwa kawaida zina chaji hasi, mchanga pia, basi husukumana na chembe huendelea na safari. Chumvi ikizidi majini, msukumano hufifia, chembe hugandana na kutua. Ndiyo sababu mojawapo ya matope ya Rufiji kutuama mto unapokutana na bahari. Chini ya ardhi mambo hugeuka pia kinyumenyume: mvua kubwa ikipunguza chumvi kwenye maji ya udongo, chembe zilizokuwa zimeshikamana huachiana na kuondoka na mzigo wao. Wakati mwingine hulitangulia hata lile tone la maji lililoanza nazo, kwa kuwa haziingii kwenye vitundu vidogo, hufuata njia pana ambako mkondo una kasi.

Kisa ninachokistahi kuliko vyote ni cha Nevada, Marekani. Wanasayansi waliamini kwamba plutoniamu haiendi mbali kwenye maji, kwani huyeyuka kwa shida na hung'ang'ania mwamba. Annie Kersting na wenzake wakachukua maji ya visima katika eneo lililolipuliwa mabomu ya nyuklia chini ya ardhi, wakayapitisha kwenye vichujio vyenye matundu yaliyozidi kuwa madogo, wakapima kila tabaka. Katika lita moja plutoniamu haikufika hata sehemu moja ya bilioni ya gramu, na karibu yote ilikuwa juu ya chembe, zikiwemo za udongo mfinyanzi na zeolaiti. Mlipuko uliokuwa jirani kabisa na visima uliitwa Tybo. Lakini kila bomu huacha uwiano wake kati ya plutoniamu 240 na plutoniamu 239, na uwiano uliopatikana ulikuwa wa Benham, bomu la Desemba 1968, umbali wa kilomita 1.3. Kutibua kisima kungeweza kuongeza chembe. Kubadili uwiano huo kusingewezekana. Matokeo yalichapishwa mwaka 1999.

Mwaka 2006 timu nyingine ilionyesha jambo kama hilo huko Mayak, Urusi, ambako taka za kiwanda zilimwagwa katika ziwa Karachay. Kilomita kadhaa kutoka ziwani, plutoniamu ilionekana juu ya chembe za hidroksidi ya chuma.

Chuma humtia mchotaji kazi ya ziada. Maji ya chini yasiyo na oksijeni hubeba chuma kilichoyeyuka, na hewa ikiyagusa tu, kutu huzaliwa ndani ya chupa: chembe mpya, ambazo ardhi haikuwa nazo, zikinyakua risasi na aseniki zilizo karibu. Kwa hiyo mrija hufikishwa hadi kitako cha chupa, maji huachwa yapande taratibu mpaka yafurike, na kifuniko hukazwa bila kubakiza hata kiputo kimoja cha hewa.