Kioo Kilichosagwa kwa Mkono: Klabu ya Springfield na Usahihi Usiotoka kwenye Mashine

Mwaka 1920, katika mji mdogo wa Springfield, jimbo la Vermont nchini Marekani, wanaume 15 na mwanamke mmoja walianza kujifunza kutengeneza darubini. Wengi wao walikuwa wafanyakazi wa Jones & Lamson, kiwanda cha mashine za kukereza chuma. Mwalimu wao, Russell W. Porter, alizaliwa mji huohuo mwaka 1871. Alikuwa msanifu majengo na mchoraji, tena mtu aliyeshiriki misafara ya Aktiki zaidi ya mara moja, na kusaga vioo alikuwa ameshakujua kabla ya kurudi nyumbani kufanya kazi kiwandani. Darasa lake ndilo lililozaa klabu ya Springfield Telescope Makers, iliyoundwa Desemba 1923 na ambayo ipo hadi leo.

Historia ya klabu hiyo imesimuliwa mara nyingi. Kinachostahili kuangaliwa kwa karibu zaidi ni ufundi wenyewe: watu waliotoka kazini jioni, bila maabara na bila fedha nyingi, waliwezaje kutengeneza kitu ambacho mashine bora za kiwanda chao hazingeweza kukitengeneza?

Ukubwa wa kazi unaonekana kwenye vipimo. Chukua kioo cha kipenyo cha inchi 6, ambacho wanaoanza huanza nacho mara nyingi, kinachokusanya mwanga umbali wa inchi 48, yaani kama mita 1.2. Katikati yake pamezama milimita 1.2 tu kuliko ukingoni, kiasi kwamba anayekitupia jicho anaweza kudhani ni bapa. Lakini umbo la mbonyeo huo mdogo halina msamaha. Mwanga hugonga kioo na kurudi, kwa hiyo kosa lolote la uso huhesabika mara mbili. Ili picha ya nyota isivurugike, uso haupaswi kuachana na umbo lake kwa zaidi ya sehemu moja ya nane ya urefu wa wimbi la mwanga, takriban milimita 0.00007. Unywele wa binadamu una unene wa kama mara elfu moja ya hapo.

Wanafunzi wa Porter hawakuwa wageni wa vipimo. Porter mwenyewe na mkuu wa kiwanda, James Hartness, aliyekuja kuwa gavana wa Vermont kuanzia 1921 hadi 1923, walibuni kifaa cha kukagulia skrubu kwa kukuza kivuli chake kwenye skrini. Hata hivyo, sehemu moja ya elfu kumi ya inchi, ambayo kwa mkereza chuma ni usahihi wa kujivunia, ni sawa na milimita 0.0025. Hiyo ni zaidi ya mara 30 ya kosa ambalo kioo cha darubini kinaweza kulivumilia.

Jibu la kwanza limo katika namna ya kusaga. Fundi huchukua visahani viwili vya kioo kinene vyenye kipenyo sawa. Kimoja hukikaza juu ya pipa au kigingi kizito, na hicho ndicho kinoo. Hukinyunyizia maji na unga mgumu wa kaborandamu, hulaza kisahani cha pili juu yake, kisha hukisukuma mbele na kukirudisha nyuma kwa mikono miwili. Kila kisahani cha juu kinapotokeza nje ya kinoo, uzito hulalia katikati yake na kwenye ukingo wa mwenzake. Basi cha juu huliwa katikati, cha chini huliwa pembeni, na mbonyeo huanza kuchimbika wenyewe. Baada ya miondoko michache fundi hukigeuza kisahani kidogo mikononi, naye husogea hatua moja kulizunguka pipa.

Kusogea huko ndiko kunakoleta usahihi. Nyuso mbili zinazoteleza kila upande, huku zikigeuzwa bila kukoma, zinaweza kugusana kote katika kila mkao endapo tu zote mbili ni vipande vya tufe. Penye kinundu ndipo penye msuguano mwingi, na msuguano hukila kinundu mpaka kiishe. Mashine ya kukereza hurithisha kasoro za ekseli yake kwa kila kitu inachokata, ilhali hapa hakuna ekseli wala reli. Maelfu ya miondoko isiyolingana kabisa husahihishana, na fundi ambaye mkono wake hautulii sana hutoka na tufe zuri kuliko mashine inayorudia njia ileile. Ni wazo zuri ajabu, na linafanya kazi.

Unga hubadilishwa hatua kwa hatua, kutoka chembe za kukwaruza hadi zile laini kama vumbi, na kila hatua hufuta mashimo yaliyoachwa na iliyotangulia. Usafi hapa ni sharti. Chembe moja kubwa iliyobaki kwenye kucha au kwenye mkunjo wa nguo inaweza kuchora mstari utakaomrudisha mtu nyuma kwa jioni kadhaa.

Kung'arisha ni kazi ya aina nyingine. Lami ya msonobari huyeyushwa, humwagwa juu ya kinoo, hukatwa mifereji ya miraba na kukandamizwa kwa kioo chenyewe ili ichukue umbo lake. Unga sasa ni oksidi nyekundu ya chuma, ile inayotia madoa mikono, nguo na sinki. Lami imechaguliwa kwa tabia yake: ukiigonga hupasuka, lakini ukiilalia kwa uzito na kuipa muda hutiririka polepole. Kwa hiyo huendelea kuufuata uso wa kioo hata uso huo unapobadilika. Chumba kikiwa baridi mno lami hukakamaa na kukwaruza. Joto likizidi, huporomoka na mifereji huziba.

Yote hayo yasingekuwa na maana bila njia ya kuona kilichofanyika. Njia hiyo ilitoka kwa Mfaransa Léon Foucault mwishoni mwa miaka ya 1850, nayo inahitaji taa, kitundu cha sindano na wembe. Kioo husimamishwa wima. Taa iliyofichwa nyuma ya kitundu huwekwa kwenye kitovu cha mbonyeo, ambacho kwa kioo chetu kipo inchi 96 kutoka kwenye uso, karibu mita mbili na nusu. Mwanga hurudi na kukusanyika kando ya taa, na mtazamaji huukata taratibu kwa makali ya wembe, jicho likiwa nyuma yake. Uso ukiwa tufe kamili, kioo chote hufifia kwa mpigo mmoja. Ukiwa na kasoro, upande mmoja huingia giza kabla ya mwingine, na kioo ambacho mkono hauwezi kuhisi chochote juu yake huonekana kina miinuko na mabonde.

Na hesabu yake ni hii. Darubini haihitaji tufe bali parabola, na kwenye kioo cha inchi 6 tofauti kati ya maumbo hayo mawili ukingoni haifiki milimita 0.0003. Taa ikiwa imetulia, wembe unaofuata kitovu cha katikati ya kioo na kisha kitovu cha ukingo husafiri milimita 2.4. Tofauti imekuzwa zaidi ya mara 8,000 na inapimika kwa rula nzuri. Kivuli cha parabola kina sura yake: katikati pamebonyea, kuzunguka pana mgongo, kama kitumbua kilichobonyezwa kwa kidole gumba. Mwenye kukitafuta kivuli hicho hung'arisha dakika chache, kisha husubiri kioo kipoe, kwa sababu joto la mikono huvimbisha uso. Ukikigusa kioo kwa kidole kwa muda mfupi na kurudi kwenye wembe, utauona uvimbe uliouacha, na baada ya dakika kadhaa utauona ukizama.

Hapo ndipo klabu inapokuwa sehemu ya ufundi wenyewe. Kusaga mtu anaweza kusaga peke yake. Kusoma kivuli ni jambo jingine: mgeni huona kilima palipo na bonde, na akianza kurekebisha, huongeza kosa. Springfield walikuwa na Porter wa kuwasomea, na baadaye wakawa na wenzao waliokwisha kupita njia hiyo. Mahali penye wasagaji kadhaa na kifaa kimoja cha kupimia, macho kadhaa hutazama kioo kilekile na kosa la jicho moja hushikwa na jingine.

Udhaifu ulibaki kwenye utando wa kuakisi mwanga. Kioo kilichokamilika kilipakwa utando wa fedha kwa kuchanganya kemikali juu yake, na fedha hiyo ilififia hewani kwa muda wa miezi, ikalazimu kazi ya kupaka ianze upya. Upakaji wa alumini ndani ya chombo kisicho na hewa, ulioendelezwa na John Strong huko California katika miaka ya 1930, ndio ulioondoa adha hiyo.

Wanachama walijijengea nyumba kwenye kilima cha Breezy Hill nje ya mji, wakaipaka rangi ya waridi na kuiita Stellafane. Mwaka 1930 waliongeza jengo ambalo kiufundi linavutia kuliko nyumba yenyewe: darubini ya Porter ya mnara wa zege. Kioo kikubwa cha inchi 12 na vioo vya kurushia mwanga viko nje kwenye baridi, lakini mtazamaji hukaa ndani. Anayejua majira ya baridi ya Vermont ataelewa kwa nini. Mhimili wake umeinama kufuata latitudo ya mahali pale, karibu nyuzi 43, ili mzunguko mmoja utoshe kuifuata nyota usiku kucha.

Kama jengo hilo lingejengwa Nairobi, nyuzi 1.3 kusini mwa ikweta, mhimili wake ungelala karibu sambamba na ardhi na jengo lote lingelazimika kuchorwa upya. Kwa klabu za ukanda wetu, mchango unaofaa zaidi ulitoka kwa John Dobson wa San Francisco. Katika miaka ya 1960 Dobson alisaga vioo vikubwa kwa mabaki ya kioo yaliyopatikana kwa bei ndogo, akaviweka kwenye bomba la karatasi ngumu na sanduku la mbao linalozunguka na kuinuka tu. Sanduku hilo halijali latitudo. Mwaka 1968 alikuwa miongoni mwa walioanzisha kikundi cha kuweka darubini barabarani ili kila mpita njia atazame.

Mbinu za Springfield zilisambaa kwa maandishi. Albert Ingalls, mhariri wa jarida la Scientific American, aliitembelea klabu mwaka 1925 na makala yake ya Novemba iliamsha wasomaji wengi kutaka maelekezo. Mwaka uliofuata kitabu cha mafunzo kilitoka, na Julai 1926 wasagaji vioo walikutana Breezy Hill kwa mkutano wao wa kwanza. Mikutano hiyo bado hufanyika majira ya joto, na darubini zilizotengenezwa na wenyewe hushindanishwa: ufundi wa mitambo hukaguliwa mchana, vioo hujaribiwa usiku kwa nyota halisi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, wanachama wa mtandao huo wa wasagaji, chini ya uratibu wa Ingalls, walitengeneza prizimu ngumu za vyombo vya kijeshi ambazo viwanda havikuweza kuzitoa kwa wingi wa kutosha.

Porter aliondoka Springfield mwaka 1928, akiitwa na George Ellery Hale kusaidia kubuni darubini ya Palomar yenye kioo cha inchi 200, zaidi ya mita tano. Michoro yake ya mitambo hiyo, iliyochorwa kabla haijajengwa, bado huwashangaza wahandisi. Usagaji ulisimamiwa na Marcus Brown, ambaye kabla ya kujifunza kazi ya vioo alikuwa dereva wa lori. Kioo kilifika Pasadena mwaka 1936, vita vikasimamisha kazi, na kikakamilika mwaka 1947. Mashine ya kukisaga ilikuwa kubwa na ya umeme, lakini mwendo wake uliiga ule wa mkono juu ya pipa, na ili kujua wamefika wapi walikisimamisha kioo wima na kuukata mwanga wake kwa makali ya kisu, kwa njia ya Foucault.