Chuma Hakilali Uchi

Kilianza kama kiuvimbe kisichozidi punje ya choroko, kwenye ukingo wa madigadi ya nyuma, pale bati linapojikunja kuelekea tairi. Nilidhani ni mchanga ulionasa kwenye rangi. Nilipokikwaruza kwa ukucha kikapasuka, ukamwagika unga mwekundu kama wa tofali bovu. Gari lenyewe ni namba E, halijamaliza mwaka wa tano tangu litoke kiwandani, na mkopo wake ulikuwa bado unanitoa jasho kila mwisho wa mwezi.

Tiba sikuzikosa. Jirani mmoja alinishauri nipake rangi ya kucha inayofanana. Mwingine alisema nibandike stika. Wa tatu alijua gereji wanapopiga puti na rangi asubuhi, jioni ukaondoka na gari linalong'aa, na huyo nilikuwa karibu kumfuata. Kilichonizuia ni dereva mmoja wa teksi, ambaye gari lake lina umri mara tatu ya langu na halina doa. Aliniambia kuna mzee hukuhuku Kigamboni. "Hana haraka, na bei yake si ya mchezo. Ila akishalishika gari, hulirudishi kwa ugonjwa uleule."

Nilimkuta chini ya mkungu, amekalia debe, anakunja kipande cha msasa. Nikamwamkia. "Marahaba, mwanangu. Lete mgonjwa."

Cha ajabu, kile kidonda hakukitazama. Alifumba macho, akapitisha kiganja juu ya bati kuanzia mlangoni, polepole, kama mshonaji anayetafuta fundo kwenye kitambaa. Kisha akashika bisibisi kwa upande wa chuma, akawa anagonga kwa mpini: ti, ti, ti, ti, halafu pu. Akarudia pale penye pu. Akatoa mfukoni sumaku iliyofungwa kwa kitambaa ili isikwaruze rangi. Sehemu zote iling'ang'ania, ila ilipofika juu ya gurudumu ikateleza na kuanguka.

"Hapa pana puti," akasema. "Gari lako lilishagongwa. Waliokuuzia hawakukwambia?"

Hawakuniambia. Kwa hiyo ile choroko ilikuwa mwisho wa hadithi ambayo mwanzo wake sikuwepo. Mtu fulani, mahali fulani, alinyoosha bati, akalisugua hadi chuma kikawa wazi, kisha akalijaza puti bila kupiga praima inayozuia maji. Na puti, hata ikikauka namna gani, ndani yake mna unga unaokunywa unyevu. Kuipaka juu ya chuma kitupu ni sawa na kulifunga jeraha kwa kitambaa kibichi.

Ili kigeuke kutu, chuma kinahitaji maji na hewa tu. Chumvi si ya lazima, lakini ikiwepo huwa kuwadi: huvuta unyevu kutoka hewani hata siku isiyo na mvua, na huyafanya maji yapitishe umeme mdogo ambao ndio unaokila chuma. Gari linalovuka kwa pantoni kila siku na kulala mita 300 kutoka baharini halina siku ya kupumzika. Mengine huja na maradhi yao kutoka mbali. Kaskazini mwa Japani, kisiwani Hokkaido kwa mfano, barabara za majira ya theluji humwagiwa chumvi ya kuyeyusha barafu, na magari yaliyotumika huko huweza kushuka bandarini kwetu yakiwa safi juu, mekundu chini.

Kutu nayo hutaka nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilichoizaa. Ndiyo maana hujitangaza kwa uvimbe, kwa kuwa inaisukuma rangi kutoka chini. Ukiuona uvimbe, ujue kazi huko ndani ilishaanza siku nyingi.

Wenye viwanda wanalijua hilo. Bati la mwili wa gari huwa na unene usiofika milimita moja, na magari mengi ya leo hupakwa zinki ili yenyewe iliwe kabla ya chuma. Wazo hilo la kutoa metali moja kafara kwa ajili ya nyingine ni la zamani. Mwaka 1824 mkemia Mwingereza Humphry Davy alipendekeza vipande vya zinki au chuma vifungwe kwenye meli za kivita ili kuyakinga mabati ya shaba yaliyofunika matumbo yake. Juu ya zinki, mwili mzima wa gari huzamishwa kwenye hodhi la praima na kupitishiwa umeme ili rangi ipenye hadi mapangoni, kisha huja tabaka za juu, na mwisho klia. Ulinzi wote huo ukiupima, unazidi kidogo tu unene wa karatasi ya daftari. Aliyelisugua gari langu mara ya kwanza aliiondoa karatasi hiyo na asiandike kitu mahali pake.

Siku ya kwanza mzee hakugusa msasa. Aliosha. Maji ya moto na sabuni, kisha maji matamu mengi, kisha kitambaa chenye thina. Nilipomuuliza mbona hatuanzi, alinijibu bila kuinua kichwa: "Ukisugua juu ya chumvi, umeishindilia ndani." Baadaye akaniita nichungulie chini ya mlango, akanionyesha vitundu vidogo vya kutolea maji, viwili vitatu kwenye kila mlango. Akaingiza waya katika kimoja. Yakatoka maji ya rangi ya chai, yakafuatwa na tope na jani la mwembe lililooza. Mvua zilizoyaleta zilikuwa zimekwisha mwezi mzima kabla.

Siku ya pili alifungua kidonda. Ile puti ilibanduka kama ukoko wa wali, na chini yake bati lilikuwa jekundu, lenye mashimo madogomadogo kama uso wa mtu aliyeugua ndui. Nilitegemea achukue grainda. Ilikuwepo, imening'inia mtini, na kijana wake aliitupia jicho la tamaa. Mzee alikataa. Grainda hula kizima pamoja na kibovu, na joto lake hulipinda bati jembamba. Hata brashi ya waya hakuiamini sana, kwa sababu huisugua kutu ikang'aa ikafanana na chuma, nayo bado imekaa shimoni. Alichukua msasa namba 80 na msumari alioutia makali, akafuata shimo moja baada ya jingine.

Hapo ndipo nilipoona kazi yake inapotofautiana na ya wengine. Kidonda hakikupungua, kilizidi. Choroko ikawa shilingi, shilingi ikawa kisahani, kisahani kikawa sahani ya wali. Nikaanza kukohoa kikohozi cha mwenye gari. Yeye akaendelea hadi kila upande ukatokea ukingo wa bati jeupe linalometa, kisha akaongeza upana wa vidole viwili zaidi. "Nasimama ninapokutana na uzima," alisema, "si ninapochoka." Bahati ilikuwa kwamba bati halikutoboka. Lingetoboka, angelikata na kuchomea kiraka, na bei ingebadilika.

Katika mashimo yasiyofikiwa na msumari alipaka dawa ya kutu, yenye asidi ya fosfori, ambayo huigeuza kutu iliyobaki kuwa kitu kigumu cheusi kisichoendelea kula. Ziko dawa nyingine za jamii hiyo zinazotumia tanini, na tanini hiyo imejaa kwenye magome ya mikoko yetu. Watu wa pwani hatukuanza jana kupambana na chumvi. Waunda majahazi walikuwa na deheni ya mafuta na chokaa kwa tumbo la chombo, na sifa, yale mafuta ya papa yanayonuka hata ukiwa upande wa pili wa mtaa, kwa mbao za juu. Nao pia kazi yao kubwa ilikuwa kwenye mianya, pamba ya kalafati ikigongwa mshono kwa mshono, mahali ambapo abiria hatatazama kamwe.

Saa tisa alasiri aliisuuza dawa, akalikausha bati, akalipa jua. Kijana akauliza kama praima isubiri kesho, maana wateja wengine walikuwa wanangoja. Mzee akamtazama. "Hapa Kigamboni chuma hakilali uchi." Na ni kweli. Bati lililovuliwa rangi likilala usiku mmoja katika hewa ya bahari, asubuhi huamka na wekundu mwepesi kama wa shavu la mtoto, na kazi yote inarudi mwanzo. Akachanganya epoksi na kikaushio chake, akaiacha itulie kwanza, kisha akapiga mikono miwili kabla magharibi haijaingia.

Siku tatu zilizofuata zilikuwa za kusubiri na kusugua. Puti ilirudi, safari hii juu ya epoksi na nyembamba kama siagi ya maskini. Msasa namba 180, kisha 320, ukiwa umezungushiwa kipande cha ubao ili usifuate mabonde ya vidole. Katikati alinyunyiza vumbi jepesi la rangi nyeusi juu ya lile eneo na kusugua tena. Palipoinuka weusi uliondoka, palipobonyea ukabaki, na bati likamwambia lenyewe linataka nini. Rangi ya fedha ya gari langu ina chembe za metali zinazolala tofauti kwa kila umbali wa bunduki ya kupulizia na kila nguvu ya kompresa, kwa hiyo namba ya rangi iliyoandikwa kwenye gari haitoshi. Alipiga kwanza kwenye kipande cha bati, akakipeleka juani, akakirudisha kivulini, akatikisa kichwa, akachanganya upya. Mara ya nne hakutikisa kichwa.

Klia ilipokauka na kupigwa polishi, nililizunguka gari nikitafuta mpaka wa kazi yake. Sikuuona. Nikamsifu kama anavyosifiwa fundi yeyote: "Mzee, hapajulikani kabisa!" Sifa hiyo aliipokea kwa adabu tu. Alinishika mkono, akanichuchumaza nyuma ya gurudumu, akawasha tochi ya simu. Ndani ya lile pango, upande wa pili wa bati, palikuwa pamesafishwa na kupigwa epoksi kwa uangalifu uleule wa nje, kisha pakapakwa nta laini ya mafuta iliyopenya hadi kwenye mikunjo. Vitundu vya maji vilikuwa wazi, hakuna hata kimoja kilichozibwa. Hapo ndipo uso wake ulipochangamka.

Nilimuuliza kuhusu oili chafu, ambayo wengi hupulizia chini ya gari. Akakunja pua. Hunasa vumbi, hulainisha mipira, na inayodondoka huishia kwenye ardhi tunakochimba visima. Badala yake akanipa masharti, mafupi kama ya daktari: maji matamu chini ya gari kila wiki, hasa nikipita ufukweni, waya kwenye vitundu kila baada ya mvua, na jiwe likichubua rangi hadi chuma, nisingoje Jumamosi.

Masika yote yamepita tangu siku hiyo. Juzi nilimpitia, naye akaweka msasa chini, akaja hadi kwenye gari. Hakuitazama rangi. Alipiga magoti, akaingiza mkono nyuma ya gurudumu, akapapasa kwa muda, kisha akautoa na kunionyesha vidole: vumbi tupu, hakuna wekundu.

Nawe ukimaliza kusoma, nenda kachungulie chini ya milango ya gari lako. Chukua na waya.