Kusoma Rasimu ya Muumini

Fungua tasnifu karibu yoyote katika maktaba ya chuo kikuu Tanzania, ukurasa wa shukrani, utamkuta Mwenyezi Mungu ametangulia. Nyuma yake yuko msimamizi, kisha wazazi, kisha mume au mke aliyevumilia. Sura ya kwanza ikianza, Mungu hatajwi tena. Zinabaki nadharia, sampuli na matokeo. Hakuna anayeshangaa, maana tumezoea. Lakini mwanafunzi wa mwaka wa kwanza bado hajui mpaka huo unapita wapi. Katoka seminari, au madrasa, au kwaya ya usharika, na akipewa insha anaiandika kwa akili ile ile anayosalia.

Hapo ndipo anapohitajika mtu wa kukaa naye nusu saa, rasimu ikiwa mezani, wasome pamoja. Pengine ni mhadhiri msaidizi, pengine mwanafunzi wa uzamili aliyeombwa kusaidia semina. Kazi hiyo haimpandishi mtu cheo wala haiandikwi kwenye ripoti ya mwaka. Mimi naiheshimu kuliko mambo mengi ya chuo yanayopigiwa makofi.

Chukua riwaya ya Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi. Ilipotoka mwaka 1971 ilizua kelele, na kwa muda haikuruhusiwa shuleni. Leo inahakikiwa vyuoni kama kazi nyingine. Tuseme mwanafunzi Mkatoliki ameandika kwamba Rosa alistahili mwisho wake kwa sababu aliiacha njia ya Mungu. Msomaji goigoi ataipigia sentensi hiyo mstari mwekundu na kuandika pembeni: “Usihubiri.” Fundi hafanyi hivyo. Anauliza, “Hapa anayesema ni nani? Kezilahabi, baba yake Rosa, au wewe?” Mwanafunzi anaisoma tena sentensi yake, taratibu. “Ni mimi, mwalimu.” “Sawa. Na riwaya yenyewe inasemaje?”

Wanarudi kitabuni. Wanamkuta Zakaria, baba mlevi, mkali kwa binti yake, na kipigo anachompa kwa sababu ya barua ya mvulana. Hukumu iliyokuwa imemwelekea Rosa peke yake inaanza kutafuta watu wengine wa kugawana nao. Halafu linakuja lile ambalo mhakiki asiye na dini angeweza kulipita: jina. Mwanafunzi aliyesali litania ya Bikira Maria jioni za mwezi wa Oktoba anajua kwamba Rosa Mistika ni moja ya sifa za Mama wa Mungu. Analijua kwa ulimi, hakulisoma popote katika uhakiki. Akiulizwa kwa nini mwandishi kampa jina hilo msichana atakayeanguka, anakaa wima. Ni kejeli? Ni huruma? Ni mwandishi anayewauliza waumini wanamtaka binti aweje ili wampende? Insha imepata swali lake, na limetoka kwenye rozari.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaotaka imani iachwe mlangoni pa darasa kama viatu. Anayeiacha huko huacha na masikio yake. Kijana wa madrasa akilisoma shairi la Al-Inkishafi la Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, anasikia mwangwi wa Kurani mahali ambapo wenzake wanasubiri tanbihi. Tatizo lake ni jingine: anavutwa na mawaidha mpaka anayaendeleza yeye, na ukurasa mzima unapita bila mji wa Pate, bila yale majumba yaliyobaki magofu, bila ubeti hata mmoja. Swali la kumrudisha ni dogo tu: mshairi amefanya nini na magofu hayo ili nafsi imsikilize?

Kijana huyo huyo ndiye rahisi kuliko wote kumfundisha marejeleo. Muulize kama angeipokea hadithi ya Mtume bila kujua nani kaisimulia na kaipata kwa nani. Atakataa palepale, isnadi kaifahamu tangu utotoni. “Basi mbona hapa umeandika ‘wataalamu wanasema’?” Anacheka, anachukua kalamu.

Wekundu wa kalamu si hatari kubwa kuliko zote. Hatari zaidi ni msaidizi wa dini moja na mwanafunzi, anayefika kwenye aya ya maandiko akaitikia amina na kugeuza ukurasa. Hakuona pengo kwa sababu pengo hilo yeye mwenyewe hulivuka kila siku bila kutazama chini. Nadhani ndiyo maana mara nyingi Mwislamu humsomea vizuri mseminari, na kinyume chake.

Ufundi huu ni wa zamani. Augustino, Mwafrika wa Thagaste, katika Algeria ya leo, alikuwa mwalimu wa balagha huko Milan kabla ya kubatizwa mwaka 387. Karibu mwaka 400, sasa akiwa askofu, alimwandikia kitabu kidogo shemasi wa Kartago aitwaye Deogratias (jina ambalo Kagera hulikosi darasani), aliyelalamika kwamba akiwafundisha wanaoingia dini anajichosha mwenyewe. Ushauri wa Augustino ni wa mtu aliyekaa na wanafunzi kweli: muulize aliyekuja kimemleta nini, akiwa msomi, uliza amesoma vitabu gani, akichoka kusimama, mpe kiti. Askofu mzima anafikiria kiti!

Inabaki ile rasimu ngumu, ya adhabu ya kifo kwa mfano, ambamo Biblia ndiyo ushahidi wa kwanza na wa mwisho. Fundi haifuti aya. Anauliza, “Msomaji wako asipoiamini Biblia, utampa nini ashike?” Baadhi hugundua kwamba aya ilikuwa sababu ya wao kulijali jambo, na hoja bado hawajaiandika. Wanaiandika, na aya inabaki mahali pake. Wengine hukataa. Wanasema hawawezi kusema jambo hilo bila kusema limetoka kwa nani, na kalamu ni yao. Alama zitatolewa na mhadhiri mwingine, pengine pungufu, nao wameambiwa hivyo waziwazi. Anayefuata kwenye foleni ana kurasa mbili na hajui hitimisho lianzie wapi.