Uhakiki: Mwelekeo wa Usumaku Katika Miamba
Katika makala yake fupi ya mwaka 1954, John W. Graham alipendekeza kwamba mpangilio wa madini ndani ya mwamba uchunguzwe kwa kupima jinsi mwamba huo unavyopokea usumaku kwa kiasi tofauti kila upande. Ubora wa pendekezo hilo haukanushiki: kipande hupimwa upesi bila kuharibiwa, na mara nyingi hufichua mkondo wa lava ya kale. Lakini kipimo hujumlisha madini yote pamoja. Tena, mwaka 1988 Potter na Stephenson walithibitisha kwamba chembe ndefu za magnetiti zenye eneo moja tu la usumaku hupokea kidogo zaidi kwenye urefu wake. Basi, asiyeyatambua madini kwanza aweza kuusoma mkondo kinyume.