Jina Juu ya Turubai: Duchamp na Mgogoro wa 1912

Mwezi Machi 1912 Marcel Duchamp aliiondoa picha yake katika maonyesho ya Salon des Indépendants, Paris, kabla umma haujaiona. Chama kilichoandaa maonyesho hayo kilianzishwa mwaka 1884 kwa kanuni kwamba hapatakuwa na jopo la waamuzi wala tuzo. Hata hivyo, wakubisti waliosimamia chumba chao walimtaka, kupitia kaka zake wawili, walau abadilishe jina. Jina hilo, Nu descendant un escalier, lilikuwa limeandikwa kwa herufi kubwa juu ya turubai. Kulibadili kungekuwa kuigusa kazi yenyewe.

Uasi wa picha hii huelezwa zaidi kwa umbo: rangi ya kahawia, mikao ya mwili mmoja inayopandana, nukta zinazofuata mzunguko wa nyonga. Maelezo hayo hayatoshi, kwani wakubisti wenyewe walikwisha kulivunja umbo. Kilichowakera ni jina. Katika sanaa ya akademia mwili uchi ulisimama au ulilala, na aghalabu jina ndilo lililousitiri: Cabanel alipouita Venus mwaka 1863, Napoleon III aliinunua picha bila haya. Duchamp aliuvua mwili jina la mungu, akaupa kitenzi.

Kitenzi hicho ndicho kinachompa mfasiri wa Kiswahili kazi. Neno uchi peke yake hutaja hali, si mtu, kwa hiyo nomino mtu haina budi kuongezwa. “Mtu Uchi Anayeshuka Ngazi” ni sahihi kisarufi, lakini kirejeshi -ye- humbainisha mmoja miongoni mwa wengine, na pichani hamna wa kubainishwa. “Mtu Uchi Akishuka Ngazi” yafaa zaidi. Hapa -ki- huonyesha tendo linaloendelea, tena hutegemea kishazi kikuu, mathalani “alionekana akishuka”. Kishazi hicho hakipo katika jina. Ni juu ya mtazamaji kukileta.

Nomino nu nayo ni ya kiume kisarufi tu, haisemi anayeshuka ni mume au mke, na ngeli ya A-WA huutunza ukimya huo. Watazamaji wa New York hawakuuvumilia. Picha ilipoonyeshwa huko mwaka 1913, walimsaka mwanamke ndani yake, na jarida la American Art News likaahidi dola 10 kwa atakayelifumbua fumbo. Shairi lililoshinda lilidai kuwa ni mwanamume, dai ambalo nalo halina ushahidi pichani wala katika jina.