Familia Tatu, Ndoo Mbili: Kuisoma Lojban Mbele ya Ubao wa Matangazo

Mwaka 1955 Mmarekani mmoja, James Cooke Brown, alianza kutunga lugha aliyoiita Loglan, apime kama lugha inaongoza mawazo ya mtu. Baadaye baadhi ya wafuasi wake walikosana naye wakajitengenezea ya kwao, Lojban. Kitabu chake kikubwa cha sarufi, kazi ya John Cowan, kilitoka 1997. Sifa yake kubwa ni kwamba muundo wa sentensi hauna maana mbili. Hebu tuipime na mambo yetu.

Chukua tangazo hili: "Familia tatu zitapewa ndoo mbili." Mbili za kugawana, au mbili kila familia? Jibu utalijua ukishafika foleni, na jirani yako kashika ndoo.

Kwa Lojban, ci lanzu cu cpacu re baktu: namba inayotangulia ndiyo inayotawala. Shika kila familia kati ya hizo tatu, imepata ndoo mbili. Jumla inaweza kufika sita. Geuza, re baktu cu se cpacu ci lanzu: ndoo ni mbili tu, ila kila ndoo ina familia zake tatu, na si lazima ziwe zilezile! Kama unataka hizo familia tatu zihesabiwe kundi moja, unaanza na lei: lei ci lanzu cu cpacu re baktu. Kijineno kimoja tu, ugomvi umeisha.

Nakubali, ni safi. Lakini wapenzi wa lugha hii wasitupigie kifua sana. Sisi tunasema "ndoo mbilimbili", basi. Mama anayepanga nyanya zake tanotano sokoni hahitaji kitabu cha Cowan.

Penye kazi kweli ni kwenye "zote". "Familia zote hazijapata." Mmoja anasoma kwamba hakuna hata moja iliyopata, anarudi nyumbani kulala. Mwingine anaelewa kwamba baadhi zimepata, anaenda kuuliza kwa nini yake imerukwa. Lojban ina naku, na maana inafuata mahali lilipokaa: naku ro lanzu, si zote, ro lanzu naku, hakuna hata moja. Vizuri. Halafu sarufi hiyohiyo inaleta na, inayokaa karibu na kitenzi, nyuma ya "zote", lakini inakanusha sentensi nzima toka mwanzo. Kwa hiyo ro lanzu na cpacu ni "si zote zimepata". Yaani lugha iliyokufundisha kwamba kinachotangulia kinatawala, hapa inakugeuka. Kwangu huo ni mtego, tena umewekwa palepale mtu anapouliza kama jina lake limo.

Ila kuna kitu naipendea: ukiandika sentensi ya ndoo kwa mifano hii, lazima uamue kwanza ni za kugawana au za kila familia. Anayebandika karatasi hajui bado, humo hana pa kujificha. Kwetu "si zote zilizopata" ipo, "hakuna hata moja iliyopata" ipo, na karatasi ya ubaoni inazitosha zote mbili.